Kabla Hujamwonyesha Mtu Sarafu Uliyorithi

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji wa Likoni kwamba mzazi wake amemwachia kijaluba chenye sarafu za zamani, na kwamba bwana mmoja aliyeziona kwenye picha ya simu yuko tayari kuja kesho yake na pesa taslimu. Alitaka kujua kama bei aliyotajiwa inafaa. Nilimjibu kwamba bei ni swali la mwisho, na kwa kuwa maswali ya namna hii hayajaacha kunijia tangu watu waliposikia kwamba nimeiuza rupia ya marehemu baba yangu, na kuiuza vizuri, nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Baba aliacha sarafu chache zilizofungwa ndani ya kipande cha kanzu kuukuu. Miongoni mwao ilikuwemo rupia ya fedha ya mwaka 1888, ile iliyotolewa na kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani hii kabla ya serikali yao kushika hatamu mwaka 1895. Ina jua, taji na mizani, ina jina la mji wetu, MOMBASA, na ina herufi ndogo H, ambayo ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Kaka yangu mkubwa alitaka ipelekwe kwa sonara hata kabla ya arubaini, na nilipopinga alisema mbele ya shangazi zetu kwamba mwanamke hawezi kujua habari za vitu vya kale. Nilinyamaza, nikafuatana naye hadi Mji wa Kale.

Sonara aliitia kwenye mizani, akasoma gramu 11.6, akasema, "Tola moja, mama," kisha akatupigia hesabu ya fedha ya tola moja. Sikumwona akiigeuza kutazama upande wa pili. Wala hakutudanganya, kwa sababu rupia za zamani zilitengenezwa makusudi ziwe na uzito wa tola moja. Ila yeye hununua madini, na aliyebeba historia hana la kuuza dukani kwake. Kaka alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea pesa. Niliichukua rupia yangu, yaani yetu, nikairudisha kwenye kitambaa.

Jambo la kwanza ninalowaambia wanaoniuliza, basi, ni kukijua kitu chenyewe, na hapo wengi huangushwa na tarehe. Kuna watu wenye pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zilizoandikwa 1299 ambao wanaamini wanamiliki kitu cha miaka mia saba, kumbe huo ni mwaka wa Hijria unaolingana na 1882, na sarafu hizo zimejaa makabatini pwani nzima. Wengine wana reale, ile sarafu kubwa ya fedha, ya Malkia Maria Theresa wa Austria yenye mwaka 1780 na wanalala wakiota utajiri. Malkia huyo alifariki mwaka huo, na sarafu zake zikaendelea kutengenezwa kwa miaka mingi mno baadaye bila tarehe kubadilishwa, hivyo tarehe peke yake haikwambii kitu. Unapotafuta bei kwenye intaneti, tazama bei ambazo sarafu kama yako imekwisha kuuzwa katika minada, si bei ambazo watu wanaziomba, maana kuomba hakuna kodi.

Usiisafishe. Jirani yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka kuisugua rupia ile kwa ndimu na majivu kama anavyosugua sinia zake, nami nilimkatalia hadi akanuna. Ule utando mweusi unaouona kuwa uchafu ndio unaomwonyesha mkusanyaji kwamba sarafu haijachezewa. Ukishasugua, mikwaruzo midogo hubaki, naye ataiona kwa kioo cha kukuzia mara tu atakapoielekeza kwenye mwanga. Ishike ukingoni, iweke kwenye bahasha safi ya karatasi, basi.

Lakini lililo zito kuliko yote ni haki ya kuuza. Mali ya marehemu si ya aliyeiona kwanza wala ya aliyeishi nayo nyumba moja. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, katika kifungu cha 45, inahesabu kuwa ni kosa la jinai kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na sisi Waislamu tuna Mahakama ya Kadhi inayosikiliza mirathi. Mimi sikumtafuta mnunuzi hata mmoja mpaka warithi wote walipotia saini karatasi moja iliyosema sarafu ni ipi, nani amepewa wakala wa kuiuza na kila mmoja ana fungu gani. Kaka alisema ninawasumbua watu. Mcheni Mungu katika mali ya maiti, ndugu zangu, kwani nimeona nyumba zilizovunjika kwa vitu vidogo kuliko rupia.

Na kuna sheria nyingine ambayo madalali hawaitaji. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakiita kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakiwezi kutolewa nchini bila kibali. Hata mlango uliochongwa kabla ya 1946 umelindwa. Kwa hiyo anayekwambia umpe sarafu aisafirishe Dubai au London kimyakimya anakutia hatiani pamoja naye. Anzia kwa maafisa wa Makumbusho pale Fort Jesus, uulize kabla ya kupatana na yeyote. Ndivyo nilivyofanya, na nilifuata nilivyoelekezwa.

Mnunuzi wangu alikuwa Mkenya anayekusanya sarafu, na tulikutana ndani ya ukumbi wa benki, mchana, nikiwa na ndugu yangu wa kike. Nyumbani hakufika, wala hakuijua. Alipoikagua sarafu, iliwekwa juu ya kitambaa mezani, na macho yangu hayakuondoka hapo, kwa kuwa kubadilishiwa ni kazi ya sekunde. Pesa ziliingia kwenye akaunti, karani akathibitisha zimefika na zinaweza kutolewa, ndipo nilipoiachia. Ukilipwa kwa M-Pesa, kumbuka kwamba muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na usiuamini ujumbe kwenye simu mpaka uangalie salio lako mwenyewe, maana ujumbe wa kughushi hufanana na wa kweli kama pacha. Hundi usiipokee kabisa kama huna muda wa kusubiri ipite.

Yule dada wa Likoni alimwambia yule bwana wa pesa taslimu asubiri, yeye kwanza azungumze na ndugu zake, naye bwana huyo hajapiga simu tena.

Kwetu, mama alipata thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki kikagawanywa kama Qur'ani ilivyoagiza, kaka mafungu mawili na sisi wa kike fungu mojamoja, wala sina neno juu ya hilo. Neno langu ni kwamba kaka alizipokea pesa zake, akazihesabu, na sasa anawasimulia watu barazani jinsi "tulivyomkatalia" sonara.