Mkataba wa usiri chuoni: nitie saini au nikatae?

SWALI: Bwana Afisa, mimi ni karani katika ofisi ya msajili wa masomo, chuo kikuu cha umma hapa Kenya. Tumeletewa mfumo mpya wa kumbukumbu za wanafunzi, na kabla ya kupewa nywila lazima tutie saini mkataba wa usiri. Unasema mfanyakazi hatatoa "habari yoyote ya chuo kwa mtu au mamlaka yoyote, wakati wowote", la sivyo atafutwa kazi. Wazazi hunipigia simu kila mara wakitaka alama za watoto wao. Je, si najitia kitanzi? (Karani, Eldoret)

JIBU: Tia saini, ila kwanza omba karatasi hiyo irekebishwe.

Wajibu wa kutunza siri hauanzi na saini yako. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinasema ni kosa kujipatia data ya mtu bila idhini ya taasisi inayoitunza, au kuipitisha kwa mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Lakini kifungu hichohicho kinamkinga mfanyakazi aliyetenda ndani ya mipaka ya kazi aliyopewa. Sasa mipaka yako imeandikwa wapi? Barua nyingi za ajira husema tu "na majukumu mengine utakayopangiwa", basi. Mkataba wa usiri ulioandikwa vizuri ndio unaoweza kuijaza nafasi hiyo, na ndiyo sababu wewe unauhitaji kuliko hata mwajiri wako.

Omba mkataba utaje kumbukumbu unazoruhusiwa kufungua, kwa kazi gani, nani wa kuidhinisha zitoke nje, na ruhusa inakoma lini. Kwa mfano: "Atasoma na kurekebisha usajili na alama za wanafunzi wa Kitivo cha Sayansi, hatafungua faili za matibabu wala za nidhamu." Kisha linganisha na kompyuta yenyewe. Kama karatasi inasema Sayansi pekee na skrini inakuonyesha mpaka faili za zahanati, waarifu wakuu wako kwa maandishi. Na kuchungulia alama za binti wa jirani ni kosa hata usipomwambia mtu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa sheria yetu, hali ya ndoa na majina ya wazazi, mume, mke au watoto ni data nyeti, yaani inayolindwa zaidi, sawa na habari za afya. Fomu ya kujiunga na chuo imejaa hayo.

Maneno "mamlaka yoyote" yakatae. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka afisa wa umma kuripoti hongo, hata akiishuku tu, kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Ukiona alama zinauzwa, mkataba wa chuo hauwezi kukuziba mdomo. Vivyo hivyo data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika, chuo kina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo ya data, tangu kilipogundua. Mkataba unaojua vitisho peke yake huwafanya watu wafiche, na saa zinayoyoma. Uongezewe sentensi ya kukutaka umjulishe mara moja afisa wa ulinzi wa data wa chuo.

Kuhusu wazazi: mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ndiye mwenye data, hata kama karo inalipwa na baba. Mjibu kwa heshima: "Mzee, naomba kijana mwenyewe akuonyeshe kwenye akaunti yake, au atuletee idhini ya maandishi." Wengine watanuna. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi ana haki zaidi, lakini sauti ya simu haithibitishi kwamba ni mzazi, kwa hiyo aje ofisini na kitambulisho.

Kuendelea kutunza siri baada ya kuacha kazi ni sawa, usipigane na hilo. Wanafunzi wa mafunzo ya kazini nao watie saini na wapewe akaunti zao. Usiwaazime nywila yako hata dakika tano. Kampuni ya nje inayohudumia mfumo ina mkataba wake na chuo, wewe haukuhusu.

Wakikataa kurekebisha, waandikie barua ya kupinga kipengele cha "mamlaka yoyote" kabla ya kutia saini, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.