Kabla hujahama Minnesota kuja Texas, piga hesabu hii

Kila Januari, theluji ikishafika magotini kule Minnesota, simu yangu huanza kulia. "Dada, ati Texas hamkatwi kodi ya mshahara? Tuje?" Mimi nilikaa Brooklyn Park, hukohuko Minnesota, miaka minane, na tangu 2022 niko pembezoni mwa Houston. Basi nijibu mara moja hapa, nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Ni kweli, jimbo la Texas halikati kodi kwenye mshahara. Ile ya serikali kuu iko palepale, mtu asikudanganye. Minnesota wanaanza na asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85 kwa wenye nazo. Mimi nilikuwa nikiangalia wazee, mume wangu akifanya kazi ghalani, na kwa mishahara yetu miwili jimbo lilikuwa likichukua kama dola 4,000 kwa mwaka. Tulipohama, karatasi ya kwanza ya mshahara tuliiweka mezani tukaiangalia kama picha ya harusi.

Raha hiyo ilikaa mwaka na nusu.

Tulinunua nyumba mpya kabisa, rangi bado inanukia. Mwaka wa kwanza malipo ya benki, mkopo pamoja na kodi ya nyumba ambayo benki hutulipia, yalikuwa dola 2,050 kwa mwezi. Kisha ikaja barua: kuanzia mwezi ujao ni 2,700 na ushei. Nikadhani wamekosea. Hawakukosea. Texas hutoza kodi ya mali kwa thamani ya tarehe 1 Januari, na siku hiyo kiwanja chetu kilikuwa udongo mtupu, kwa hiyo mwaka ule tulitozwa ya udongo. Mwaka uliofuata wakatutoza ya nyumba, zaidi ya dola 7,000, na benki ikataka pia ile iliyopungua mwanzoni. (Waswahili wenzangu, sisemi kodi ya pango. Nasema ile ya serikali, ambayo hata ukimaliza mkopo utailipa hadi uingie kaburini.) Mitaa mipya mingi ina tozo nyingine juu yake, ya wilaya ya maji na mabomba inayoitwa MUD. Muuzaji alinitajia bwawa la kuogelea la mtaa, hiyo MUD akaipitia juujuu kwenye rundo la karatasi.

Kwa hiyo ukinunua huku, uliza kodi ya nyumba iliyokamilika, siyo ya mwaka jana. Ukishaingia, jaza fomu ya msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi, wanauita homestead. Fomu ni bure. Zitakuja barua zenye mihuri ya kutisha zikidai ulipe ili ujaziwe, zitupe. Na thamani wanayokukadiria unaweza kuipinga, kwa kawaida kufikia tarehe 15 Mei. Sisi tuliipinga mwaka jana kwa picha za nyufa, wakapunguza.

Lakini kodi siyo iliyonikosesha usingizi. Ni shemeji yangu.

Alitufuata kutoka Minnesota, kijana, hana mke wala mtoto, akapata kazi ya saa chache isiyo na bima. Kule alikuwa na MinnesotaCare, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, na hakuwahi kuifikiria, kama vile mtu asivyofikiria hewa. Huku kidole tumbo kikamshika usiku wa Jumapili. Hospitali walimpasua, na Mungu awabariki, lakini bili ilikuja na tarakimu tano. Texas haikupanua Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo mtu mzima mwenye nguvu zake na asiye na watoto haipati, hata awe maskini vipi. Na kipato chake kikiwa chini ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, hata ruzuku ya kujinunulia bima kwenye soko la bima la serikali hapewi. Mpaka leo bado analipa kidogo kidogo.

Ndiyo maana sasa anayeniuliza habari ya kodi namrudishia swali: kazi ikikatika leo na kesho ukaugua, nani analipa? Kama una leseni ya uuguzi na mwajiri anakupa bima tangu mwezi wa kwanza, njoo. Kama unaishi kwa saa za kuokoteza, tulia kwanza huko uliko.

Wenye watoto wadogo nao wahesabu. Minnesota tangu 2023 kila mtoto wa shule anapata kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, bila kuulizwa baba anapata ngapi. Wilaya ya shule tuliyohamia, wangu wawili tulilipia kila siku.

Sitaki uone naipaka matope Texas. Minnesota jua huzama saa kumi na nusu jioni mwezi wa Desemba, na mwaka wangu wa tatu nilikuwa nalia jikoni bila sababu hadi daktari akaniandikia vitamini D. Nililala kwa rafiki Minneapolis usiku mmoja, sikujua jiji limetangaza dharura ya theluji, yaani magari yaondolewe barabarani ili theluji izolewe, asubuhi gari halipo, limevutwa. Huku Februari nachuma mchicha nyuma ya nyumba. Kuna msikiti karibu, na soko ambapo Wakongo wanauza sombe na kuniita mama kwa Kiswahili kinachonichekesha.

Ila joto nalo lina gharama zake. Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024, zaidi ya wateja milioni mbili eneo la Houston walikosa umeme. Kwetu siku sita. Nilikuwa na mahamri mia moja kwenye friza, ya harusi ya binti wa jirani, na samaki nguru niliowatafuta wiki nzima. Tulivitoa kwa ndoo. Watoto walilala kwenye vigae bila shuka.

Hivyo kabla ya kufunga mizigo, njoo utembee mwezi wa Agosti. Usije Machi, Machi kila mtu huipenda Houston. Chumba cha wageni kipo, na jenereta tumeshanunua.