Usiwafute Mama Karanga kwa Kiingereza

Wiki jana msomaji mmoja wa Lamu aliniandikia. Ni katibu wa kikundi cha akina mama, na barua yake ya Kiingereza ilirudishwa na afisa fulani, neno "they" limezungushiwa wino mwekundu. Akaambiwa mtu mmoja haitwi "they", aandike "he", maana "he" inabeba wote. Akaniuliza: "Dada, nikubali yaishe au nimjibu?"

Mjibu, mdogo wangu, kwa adabu na kwa ushahidi. "They" ya mtu mmoja si mtindo wa juzi. Waingereza wanaitumia hivyo tangu karne ya 14, na hata Shakespeare anayo. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster iliitangaza kuwa neno la mwaka, na mwaka huohuo mwongozo wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, wa kuandika kazi za kitaaluma, ambao waliopita chuo wanaujua kwa jasho lao, ukaikubali rasmi. Mtu akisema ni makosa, muulize kwa heshima anafuata mwongozo upi.

Lakini hilo la "he inabeba wote" ndilo linaloniwasha, kwa sababu nami nimewahi kupigwa nalo mbele za watu.

Kazi yangu hapa Malindi ni kuviandikia vikundi ripoti na maombi ya ufadhili kwa Kiingereza. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye kikao cha kupitia rasimu ya mradi wa bandari ya samaki. Ukurasa baada ya ukurasa ni "fishermen", na mahali pamoja, kama kwa kuhurumiwa, "fishermen and their wives". Hao "wives" ni mama karanga, wanawake wanaonunua samaki bandarini, wakawakaanga na kuwauza. Kuna mmoja namjua vizuri. Alfajiri yuko bandarini na ndoo yake, pesa amezifunga kwenye pindo la leso. Mashua ikifunga, wanunuzi wakubwa wanachagua samaki wa hoteli, yeye anagombania waliobaki, tafi na changu wadogo. Anawapara magamba palepale, anawachanja ubavuni, anawatia chumvi, kisha karai linawekwa motoni. Jioni watu wa mtaa mzima wanakula kwa mkono wake. Mumewe alishafariki, na enzi zake alikuwa fundi cherehani, bahari aliitazama kwa mbali tu. Ndani ya rasimu ile huyu mama alikuwa mke wa mvuvi.

Nikanyanyua mkono, nikasema tuandike "fishers and fish processors". Mwenye kuongoza kikao akatabasamu, akasema "man" maana yake ni watu wote, tulifundishwa shuleni. Mwingine akauliza kama sasa na "mango" tuibadilishe. Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa mwanamke pekee mezani ukimtoa aliyeleta chai, na kicheko kile, wallahi, sijakisahau.

Nilirudi nyumbani nikasoma, na nilichokipata ningependa kila mtu anayeandika Kiingereza akijue. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba maneno ya kiume katika sheria zake yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine. Ni maneno yaleyale ya yule bwana, ingawa naamini mwenyewe hakujua. Mwaka 1867 ikaja sheria mpya ya uchaguzi iliyompa kura kila "man" mwenye sifa zilizotajwa. Wanawake wa Manchester, kwa maelfu, wakasema vyema, "man" si ni sisi pia? Wakadai waandikishwe. Kesi ikafika mahakamani mwaka 1868, na majaji wakawanyima: kwenye kura, "man" ni mwanamume. Walisubiri hadi 1918 ndipo baadhi yao wakapata kura ya bunge. Kwa hiyo neno lilibeba wote mpaka siku ya kugawana kitu chenye thamani, siku hiyo likawashusha njiani.

Tangu hapo sibishani tena na mtu. Mwaka huu kikundi kimoja kilinipa niandike ombi lao tangu mstari wa kwanza. Niliwaandika mama karanga kwa kazi yao, na kwa kuwa walikuwa na kazi, walipata na fungu lao kwenye bajeti: majiko, meza za kuparia, masanduku ya barafu. Mke wa mtu huwezi kumwekea fungu la barafu, utaeleza nini? Ombi limepita. Naringa, ndiyo, niacheni niringe kidogo.

Wala msiniambie Kiswahili chetu kimetuponya kwa vile "mvuvi" haina mume wala mke. Nenda kikao chochote cha BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi, useme "wavuvi wakae mbele", halafu uangalie nani atakaa mbele. Kule kisiwani Pate, Lamu, maji yakipwa wanawake wanashuka miambani kutafuta pweza kwa mikono yao, na bado utasoma mahali kwamba wanawake "wanasaidia" uvuvi. Neno zuri bila macho mazuri ni bure.

Sasa ushauri, maana najua wengi mmeruka mpaka hapa. Kabla hujatuma chochote, soma ukijiuliza nani yuko kwenye kazi hii na hayumo kwenye sentensi hii. Ukimwona, mtaje kwa kazi yake. Hapo ufuoni kwetu vijana waliitwa "beach boys" miaka na miaka, wengine wana wajukuu, na akina mama wanaouza leso na kupaka hina wakawa hawana jina kabisa. Siku hizi maofisini wanaandika "beach operators", na jina hilo linawabeba wote wawili. "Chairman" iwe "chairperson" au "chair". "Dear Sir" iondoke kama humjui unayemwandikia, tafuta jina lake au cheo chake. Mwanamke mzima asiitwe "girl" kwa sababu tu anafanya kazi ya mshahara mdogo.

Ukikwama kwenye "he" na "she", geuza sentensi iwe ya wingi, au fanya kama Katiba yetu ya 2010. Fungua Kifungu cha 137 cha sifa za mgombea urais: "a person qualifies... if the person". Wamelirudia jina, basi, hakuna "he" wala "she". Na Kifungu cha 250 kinasema mwenyekiti na naibu wake katika tume wasiwe wa jinsia moja, tena neno lililotumika ni "chairperson". Huyo afisa wa wino mwekundu akikataa "they" yako, mpe mtindo wa Katiba. Hapo atashindana na nchi nzima, siyo na wewe.

Jambo moja zaidi, kwa mnaoandikiana na wafadhili wa nje. Mtu akiweka chini ya jina lake "she/her" au "they/them", yaani viwakilishi anavyotaka atajwe navyo, mwandikie hivyohivyo alivyotaka. Usianze kumchunguza wala kumhubiria, ni sawa na kuandika jina lake bila kukosea herufi, na inakupotezea sekunde mbili. Kama hakuweka, tumia jina.

Wenye maswali ya CV na barua za kazi, yatumeni, nitayajibu nikipata nafasi. Kwa sasa ripoti ya wapanda mikoko wa Mida inanisubiri, na ukurasa wa kwanza tu nimeshakutana na "manpower".