Nyaya ndani ya ukuta wa magogo

SWALI: Tunajenga nyumba ya magogo mazima, na ukuta wake hauna uwazi ndani. Nyaya za umeme zipite wapi zisionekane?

JIBU: Toboeni huku mkipanga, msingoje ukuta uishe. Kila gogo likilala, lipigwe keekee wima, tundu la milimita 25 hivi likae sawasawa juu ya lile la chini, kutoka sakafuni hadi kwenye boksi la soketi. Matundu yakipishana, ukingo mkali wa mbao huchubua ganda la waya unapovutwa.

Paipu ngumu ndefu ya kupitishia waya tunaikataa kabisa. Magogo yakikauka husinyaa, ukuta hushuka sentimita kadhaa. Paipu haishuki, hivyo hubaki imebeba gogo na kufungua ufa. Tumieni paipu ya kujikunja, na waya uachiwe ulegevu juu.