Jibu: Nimhamishie shule yenye wastani mkubwa?

Mkuu, umeuliza kama umhamishe binti yako wa darasa la sita aende shule inayoongoza kwa ufaulu, ingawa huko wanabanwa darasani mpaka jioni na michezo imefutwa. Mimi nisingemhamisha.

Hiyo presha ya kuingia shule kumi bora za mtihani wa taifa yenyewe imepungua maana. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora Januari 2023. Mabango ya shule kujisifia barabarani bado yapo, ila hiyo ni biashara ya watu.

Kabla hujalipa ada, omba kuona daftari la sayansi la huko. Nimewahi kufungua moja: kurasa kwa kurasa maswali ya kuchagua ya mitihani ya ujirani mwema (ile ya pamoja ya shule jirani), uotaji wa mbegu umo, na mtoto hajawahi kuotesha hata punje moja ya maharage kwenye kopo. Anajua tu jibu ni C! Nyerere alishalalamika mwaka 1967, kwenye andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, kuwa mitihani haipimi tabia wala moyo wa kutumikia wenzako.

Akiyumba hesabu, mtafutie mwalimu wa Jumamosi asubuhi. Netiboli mwachie.