Barua kwa mwanangu: kuachana bila kununiana

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza utabakije na maelewano na mwenzako ilhali mmeshaachana, maana yeye anasema "tubaki marafiki", na tangu aliposema hivyo mnaandikiana kila usiku, nawe kila usiku unalala na machozi. Nakujibu bila kuzunguka: urafiki usiuanze sasa. Malizeni hesabu, kisha nyamazianeni kwa makubaliano. Urafiki, kama upo, utajionyesha baadaye.

Hesabu ndiyo wengi huiruka. Watu huachana vizuri kabisa, halafu miezi ikipita wanatukanana kwa sababu ya deni au kitanda. Kutaneni mara moja tu, mchana, mahali penye watu, kila mmoja na orodha yake: nani anamdai nani na kiasi gani, kitu cha nani kiko kwa nani, mkataba wa nyumba una majina ya nani na nani anatoka. Deni lisilolipika kwa mkupuo ligawanywe mafungu, kila fungu na tarehe yake. Na usiseme "pesa ziache tu" huku moyoni unazihesabu. Ukisamehe, andika kwamba umesamehe. Usiposamehe, dai.

Kisha simu. Kubadilisha nywila peke yake hakutoshi. Angalia kwanza namba inayopokea msimbo wa uthibitisho katika kila akaunti yako. Ikiwa bado ni namba yake, msimbo utaingia kwake nawe utabaki nje ya akaunti yako mwenyewe. Badilisha namba, ndipo ubadilishe nywila, halafu fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe kila kisicho chako, kwa kuwa kompyuta yake inaweza kuwa ingali inasoma ujumbe wako bila hata yeye kukusudia. Zima kuonyeshana mahali mlipo. Picha za faragha kila mmoja azifute, na asisahau nakala za mtandaoni wala zile zinazobaki kwenye sehemu ya vilivyofutwa.

Sasa kunyamaza. Mimi nasema miezi mitatu, ingawa hakuna sheria. Kosa kubwa hapa ni kutoweka bila kuaga, maana mwenzako atadhani umemchukia na atakutafuta kwa kila njia. Mwandikie hivi: "Sina kinyongo nawe. Nahitaji miezi mitatu bila mawasiliano ili nitulie. Kukiwa na jambo la deni au la dharura, niandikie mchana nitajibu." Basi, usiongeze neno. Maelezo yakizidi, mjadala unaanza upya. Namba yake usiizuie, inyamazishe tu, na stetasi zake usizitazame, kwani anaweza kuona nani katazama. Ujumbe wa "nilikuwa nakusalimia tu" wa saa tano usiku usiujibu. Huo ni upweke, na ukiujibu mara moja, hesabu ya miezi inarudi mwanzo.

(Mngekuwa na mtoto ningekwambia mengine: mngeendelea kuwasiliana, lakini kwa mambo ya mtoto tu, na ratiba ingeandikwa.)

Marafiki mlio nao wote wawili usiwafanye wajumbe wala wapelelezi. Mama yake akikupigia, pokea kwa heshima, mjulie hali, na habari za mwanawe usizitie mdomoni.

Haya yote ni kwa mtu mliyeachana naye kistaarabu. Kama amewahi kukupiga, kukutisha au kukufuatafuata, futa niliyoandika juu. Kwa huyo hakuna maelewano ya kulinda: mzuie, hifadhi ujumbe wake kama ushahidi, usikutane naye peke yako, na unijulishe leo hii.

Miezi ikiisha, jipime kabla ya kumwandikia. Mfikirie ana mtu mwingine, wamekaa pamoja wanacheka. Moyo ukikupasuka, bado unamtaka, na huo urafiki utakuwa chambo tu. Ongeza muda. Ukiona ni habari kama habari nyingine, msalimie, na muonane kwa muda mfupi, penye wenzenu wengine. Na wewe ukipata mtu mpya, mwambie mapema kwamba mnasalimiana na wa zamani, kabla hajaukuta ujumbe mwenyewe.

Mama yako