Uliza Karani: Kaunti ikisimama, barua aandikiwe nani?

SWALI: Assalamu aleikum, Mzee Karani. Mimi naishi Faza, kaunti ya Lamu. Kila magavana wakitishia kusimamisha huduma kwa kuwa pesa hazijatoka Nairobi, roho yangu haitulii. Wifi yangu ana mimba ya miezi saba, na boti ya wagonjwa ikikosa mafuta, kufika Amu, mjini Lamu, ni kudra ya Mungu. Kaka yangu yuko Columbus, Marekani. Aniambia serikali yao ilipofungwa mwaka 2025, watu walikuwa wakipiga simu ofisini kwa mbunge wao kutwa. Hapa kwetu mimi nimpigie nani? Kwenye grupu la WhatsApp wote wanasema mbunge, na mbunge hapokei.
Mama wa Faza

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kaka yako hakukosea, ila la kule na la huku si moja. Kule serikali hufungwa na wabunge wenyewe. Mwaka wao wa fedha huanza Oktoba 1, na Congress, bunge lao, isipopitisha matumizi, idara nyingi hazina ruhusa ya kutoa pesa. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, siku 43, na kabla ya hapo hawakuwahi kufunga muda mrefu hivyo. Kwa hiyo ukimpigia mbunge wa kule unampigia aliyeifunga. Simu hupokewa na kijana wa ofisini, akakuuliza unaishi wapi, akaandika unataka nini, na hesabu ya simu ikampata mkubwa wake. (Mishahara ya wabunge haikukatika siku zote hizo. Sikushangaa.)

Huku kwetu ugomvi huwa mahali pengine. Ama Hazina ya Kitaifa imechelewesha mgao, ama Seneti na Bunge la Taifa wanavutana, ama maseneta hawaelewani wao kwa wao. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi kwenye fomula ya kugawa mapato, shilingi bilioni 316.5 zikingoja. Septemba magavana wakatangaza kusimamisha huduma, na mwezi huo huo fomula ikapita.

Basi kama kilio ni pesa kuchelewa, mtu wako ni seneta. Kifungu cha 96 cha Katiba kimemweka pale kuzitetea kaunti, na cha 219 chataka mgao ufike bila kucheleweshwa ovyo. Mbunge wenu wa Lamu Mashariki ana kura yake kwenye Mswada wa Ugavi wa Mapato, hilo kweli, lakini zahanati na boti si zake. Fungua Jedwali la Nne la Katiba: vituo vya afya vya kaunti, ambulensi, feri na bandari, vyote vimewekwa kwa kaunti. Tumewazoesha wabunge wetu kupokea lawama za nyumba nyingine, nao wametuzoesha kutopokea simu.

Kwa boti, mtafute MCA, mjumbe wa wadi yako katika bunge la kaunti. Na usimpigie, mwandikie. Mimi nilikaa kwenye dawati la baraza la zamani, kabla ya kaunti kuja 2013, na barua zilipita mikononi mwangu kwa magunia. Nyingi zilianza na salamu za ukurasa mzima, zikaingia sifa za mheshimiwa, kisha barabara, maji, punda, taa za mtaa, na mwisho "tunaomba msaada wako." Barua kama hiyo haina pa kujibiwa. Wewe andika jambo moja, tena kwa sura ya swali:

"Mimi mkazi wa wadi ya Faza naomba umwulize mwenyekiti wa kamati ya afya, mbele ya bunge la kaunti: mafuta ya boti ya wagonjwa yalitengewa shilingi ngapi mwaka huu wa fedha, zimetumika ngapi, na huduma zikisimama mafuta yatatoka wapi?"

Likishaulizwa bungeni laingia kwenye kumbukumbu rasmi, na mwenyekiti hawezi kulijibu kwa kukukonyeza pale uwanja wa Mkunguni, Amu. Chapisha nakala mbili. Moja waachie ofisi ya wadi, ya pili wakupigie muhuri wa kupokewa, wenye tarehe, urudi nayo. Wakikwambia muhuri umefungiwa na mwenye ufunguo yuko Mombasa, msubiri. Barua isiyo na muhuri watasema haikufika.

Kuna njia nyingine ambayo watu wetu hawaitumii, nami yanikera. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yakuruhusu kuiomba ofisi ya umma habari ilizo nazo, kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, afisa lazima amsaidie. Jibu lafaa kutoka ndani ya siku 21, lakini habari ikihusu uhai wa mtu ni saa 48. Mja mzito anayengoja boti ni uhai wa mtu. Liandike hilo mstari wa kwanza kabisa, ukitaja miezi ya mimba ya wifi yako, na upeleke kwa idara ya afya ya kaunti.

Na grupu la WhatsApp? Litumie kutafuta saini. Ombi rasmi kwa bunge la kaunti hata mtu mmoja aweza kulipeleka, ni haki yake kisheria, lakini MCA akiona majina ya Faza, Kizingitini na Tchundwa kwenye karatasi moja ataisoma mara mbili. Ombi huchukua muda kupita kwenye kamati, kwa hiyo lipelekeni sasa, kabla ya tishio jingine. Na wifi yako mtafutieni wa kufikia Amu mimba ikiingia mwezi wa tisa, kuwe na mafuta kusiwe.

SWALI: Mimi mvuvi wa Malindi. Kaunti ikifunga ofisi, je, chifu aweza kutusikiliza kuhusu barafu na bandari yetu ya samaki?

JIBU: Kukusikiliza atakusikiliza, lakini chifu ni mtu wa serikali kuu, hana bajeti ya samaki. Pitia kwa viongozi wenu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, waandike kwa MCA wakiwa na muhuri wao. Chifu mpe nakala tu.